Herufi nne kwenye tiketi ya mama

Kwa miaka minane kazi yangu ilikuwa kungoja watu nisiowajua. Nilisimama Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume, pale Kisauni, Zanzibar, na kibao mkononi chenye jina la mgeni. Jina hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani, ndani ya daladala, mpaka ulimi ulizoee. Kazi hii kwetu inaitwa mapokezi. Mgeni aliyelipia zaidi tunamwita VIP, na zamu zetu tulizihesabu kwa hao: "Leo nna VIP watatu, wa mwisho saa nane usiku."

Kazi hiyo nimeshaiacha, lakini naipenda mpaka leo, na nataka niieleze vizuri kabla sijafika kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Watu wengi wa hapa wanaidhani ni kazi ya kuwachekea matajiri na kungoja bakshishi. Bakshishi ipo, sikatai, na ilinilipia ada za skuli za wanangu. Ila kazi yenyewe ni nyengine kabisa.

Mpokeaji ana kitambulisho cha kiwanja kinachompitisha milango ambayo ndugu na madereva hawaipiti. Kwa hiyo badala ya kukutana na mgeni nje, kwenye msongamano wa vibao, teksi na watoto wanaolilia kubebwa, anamkuta ndani, kabla hajafika kwenye dirisha la uhamiaji. Anamwita jina. Anazipitia karatasi zake: pasipoti, viza, kadi ya homa ya manjano kama ametoka nchi inayodaiwa kadi hiyo, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ile bima ya Zanzibar ya dola 44 ambayo mgeni wa nje sharti awe nayo. Ikikosekana moja, ni hapo hapo pa kuitafutia ufumbuzi, kabla mtu hajasimama nusu saa kwenye foleni aje kurudishwa nyuma. Anachukua vibandiko vya mizigo anampa mchukuzi. Halafu anampeleka mgeni akakae.

Hapo kwenye kukaa ndipo watu wanapopapigia picha. Kitambaa cha baridi kimeviringishwa kama mkeka mdogo, kina harufu ya mchaichai. Gilasi ya ukwaju, barafu inagonga. Kiti chenye mgongo. Feni au kiyoyozi. Nimewapa watu vitambaa hivyo maelfu ya mara, na mpaka leo nikisikia mchaichai mkono wangu wa kulia unataka kunyooka.

Mgeni akishafuta uso, swali lake la kwanza nilikuwa nalijua kabla hajafungua mdomo. Huuliza: sasa kinafuata nini?

Kuna mzee mmoja simsahau. Alikuja usiku, mwezi wa nane, msimu umepamba moto. Suti ya kitani imekunjamana, mikono inatetemeka kidogo, begi dogo la ngozi amelikumbatia kifuani. Wanawe walikuwa wamemlipia kila kitu, toka mlango wa ndege mpaka kitanda cha hoteli. Ndani ya dakika ishirini aliniuliza mara nne: sasa tunakwenda wapi? Na mara zote nne nikamjibu kama ndiyo kwanza anauliza. Ofisa atakuita kwa picha na alama za vidole. Kisha tutachukua sanduku, lile la kijani, nimeshaliona. Kisha gari, dereva yuko nje anakungoja. Kisha Nungwi, zaidi ya saa moja njiani, unaweza kulala. Mara ya nne alitikisa kichwa, akaliweka begi chini. Miguuni, palepale, lakini alikuwa ameliachia.

Nilipomwona ameliachia, nilijua kazi yangu ya usiku ule imekwisha. Yaliyobaki yalikuwa usafiri tu.

Nitaje pia ambalo VIP haiwezi, maana wapo wanaouziwa maneno. Haimfutii mtu uhamiaji. Picha ni yako na vidole ni vyako, hakuna mtu wa kukuwekea. Haimfutii ukaguzi wa mizigo wala forodha. Kinachouzwa ni foleni fupi, kiti, na mtu anayejua njia. Na neno lenyewe linafunika bidhaa tatu zisizofanana, mnunuzi akilipia moja akidhani ni nyengine. Ya kwanza ni launji peke yake: chakula, intaneti, choo safi, unaingia kwa tiketi ya daraja la biashara, kwa kadi ya uanachama, au kwa kulipa mlangoni. Humo hakuna atakayekushika mkono. Ya pili ni mapokezi, yaani mtu, kama nilivyokuwa mimi. Ya tatu ni jengo au chumba cha peke yake, pasipoti inashughulikiwa wewe umekaa, na gari dogo linakupeleka mpaka kwenye ngazi za ndege. Ule ukumbi wa viongozi wenye itifaki zake ni habari nyengine, huo hauuzwi.

Kisiwani mambo haya yana uzito kuliko bara. Tizama Maldives. Kiwanja chao cha Velana kimekaa kwenye kisiwa chake, Hulhulé, na mtalii aliyeshuka pale bado hajafika: mbele yake kuna boti au ndege ya kutua majini, na ndege hizo huruka mchana tu. Hoteli nyingi zikaona zijenge launji zao wenyewe pale kiwanjani, kila hoteli na yake, ili mgeni wao asikae roho juu. Wenye hoteli wameelewa kwamba kungoja ni sehemu ya safari, na ndiyo sehemu inayomtisha mtu zaidi.

Wanaosimulia historia ya mambo haya huanzia New York mwaka 1939, shirika la American Airlines lilipofungua pale LaGuardia ukumbi wake wa Admirals Club, wa kuingia kwa mwaliko. Mimi nikiulizwa, naanzia kwenye nyumba zetu. Ingia Mji Mkongwe: nje pana baraza ya mawe, mtu yeyote anakaa, hata asiyejulikana. Nenda Lamu kwenye nyumba za kale: kabla ya mlango pana daka, pana pa kukalia pande mbili, na ukivuka mlango pana tekani, kabla hujaiona nyumba yenyewe. Mgeni alikuwa hasukumwi ndani wala haachwi juani. Alikuwa na mahala pake pa kupumulia, akapewa maji, akaulizwa habari za njiani, na mwenye nyumba akatoka kumfuata. Watu waliokuja na kaskazi wakangoja kusi ili warudi kwao walikaa miezi, si saa. Mji mzima ulikuwa launji yao. Tukasema "mgeni njoo mwenyeji apone", na tulikuwa tunasema kweli.

Basi nilipokuwa nikimwekea Mzungu kitambaa cha mchaichai sikuona kama naiga ya watu. Niliona nafanya aliyoyafanya bibi yangu, kwa mshahara.

Kiwanja chetu nimekiona kikikua. Nimeyakuta yale mapokezi ya zamani kwenye jengo dogo, joto, karatasi za kujaza kwa kalamu ya kuazima, wachukuzi wanapanga masanduku na kila mtu anaonesha lake kwa kidole. Kisha likaja Jengo la Tatu, ambalo ujenzi wake ulianza 2011 na likachukua karibu miaka kumi, limekusudiwa abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Mwaka 2024 watalii walioingia Zanzibar walipita laki saba. Ongeza na sisi wenyewe, wanaokwenda Dar asubuhi wakarudi jioni, wanaokwenda Maskati, Dubai, Jedda. Saa ambayo ndege kubwa mbili zimefuatana, ukumbi wowote duniani unakuwa mdogo. Nami katika saa kama hizo, nikiwa na VIP wangu nikimpitisha pembeni, nilikuwa nikiiona ile foleni kwa jicho moja na kuendelea na kazi. Niliwaona bibi zetu wamesimama na mabuibui yao, mguu mmoja wameupumzisha juu ya mwengine. Niliwaona kina mama wenye vichanga. Niliwaona. Sikusema kitu, maana hawakuwa kwenye orodha yangu.

Sasa nije kwa mama.

Mama ana miaka sabini na moja na magoti hayampendi. Anasoma msahafu, anasoma Kiswahili, Kiingereza hana. Mdogo wake, mama yetu mdogo, ameolewa Maskati tangu zamani, na mwaka jana alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Mama akasema atakwenda, hata kwa kutambaa. Ndugu tukachanga. Mimi nikapewa kukata tiketi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kiwanjani". Nikaikata kwa simu, usiku, kwa dakika kumi. Nilichagua ya bei nafuu, yenye kubadilisha ndege katika kiwanja kimoja kikubwa cha nje, sitakitaja. Masaa matatu ya kungoja. Nikaona ni mazuri, hatakimbizana.

Siku ya safari nilimfikisha mpaka pale wasio abiria wanapoishia. Kitambulisho changu nilikuwa nimekirudisha nilipoacha kazi. Pasipoti yake aliifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, na begi la mkononi lilijaa achari ya embe na visheti vya harusi. Akanishika kichwa akaniombea dua. Akaondoka taratibu, bila kugeuka, kama anavyoondoka siku zote.

Alinipigia siku ya pili, yuko Maskati, sauti imekwaruza.

"Shikamoo mama. Umefika salama?"

"Marahaba mwanangu. Nimefika, alhamdulillahi. Ila pale kati palikuwa parefu."

Nilimuuliza parefu vipi. Akanieleza. Alishuka, akafuata watu. Watu wakagawanyika njia mbili, na hakujua yake ni ipi. Akaonesha karatasi yake kwa kijana mmoja, kijana akaonesha kidole mbele. Akaenda mbele. Ukumbi hauishi, mwanangu. Kuna sakafu inayotembea, akaiogopa, akapita pembeni. Magoti yakakataa. Viti alivyoviona vyote vina watu.

"Nikatandika mtandio wangu nikakaa chini," akasema. "Nikasema, Mungu atamleta mtu."

Na alimleta. Mwanamke wa Kisomali, mfagizi wa kiwanja kile, alisikia mama anavuta uradi, akamwinua, akamsogeza kwa kikwapa mpaka kwenye mlango wa ndege ya Maskati. Mama hakumjua jina. Anamwombea mpaka leo kwa kusema "yule mwenye ufagio".

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Miaka minane niliwaambia watu nisiowajua, usiku kwa usiku, kinachofuata ni nini. Mama yangu nikampa karatasi.

Kesho yake nilikwenda kwa rafiki yangu anayekata tiketi mjini, nikamsimulia. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Ulimwandikia nini kwenye tiketi?"

"Jina na namba ya pasipoti."

"Kiti cha magurudumu?"

"Mama anatembea."

Akageuza kompyuta yake nikaiona. Na hapa ndipo penye jambo nililotaka kila mwenye mzazi alisome.

Kila tiketi ya ndege ina nafasi ya kuandikwa maombi maalumu, kwa vifupisho vya herufi nne ambavyo mashirika ya ndege duniani kote yanavielewa. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi na kufika kwenye kiti chake, ila mwendo mrefu wa ukumbini hauwezi. WCHS hawezi na ngazi pia. WCHC hajiwezi kabisa, anahitaji kufikishwa mpaka kwenye kiti chake ndani ya ndege. Kwa hiyo "mama anatembea" halikuwa jibu. Mama ni WCHS, na angefaa hata kwa WCHR. Kiti hicho ni haki ya abiria, kwa kawaida hakina malipo, na mtu anayekisukuma anakuwa anajua lango lako liko wapi. Anakupitisha kwenye uhamiaji na ukaguzi, mara nyingi kwa njia ya pembeni. Kinachotakiwa ni kuomba mapema, siku mbili kabla ya safari ni salama, na kuthibitisha tena siku unapokwenda kuonesha tiketi.

Halafu akanionesha cha pili: MAAS. Hiki ni cha kupokewa na kusaidiwa. Anaandikiwa mtu mzima asiyejua lugha, anayesafiri mara ya kwanza, mama mwenye watoto wadogo peke yake. Si kila shirika linakitoa sawasawa, mengine yatakuuliza maswali, kwa hiyo piga simu useme na mtu, usitegemee kukata tiketi mtandaoni peke yake. Lakini kipo. Nilikisoma mara mbili tatu kwenye kioo chake. Mapokezi. Ile ile kazi yangu ya miaka minane, ile iliyokuwa na bei kwenye karatasi ya hoteli, imo kwenye tiketi ya mtu wa kawaida, na inangoja kuombwa.

Hakuna mchaichai humo, wala ukwaju. Lakini yule mzee wa suti ya kitani hakuliweka begi chini kwa sababu ya ukwaju.

Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyeokota mali ya watu na anawatafuta wenyewe. Nimewaeleza jamaa msikitini, hasa wenye wazee wanaokwenda Umra na wagonjwa wanaopelekwa India. Wengi wanaona haya. "Mama hataki kuonekana mgonjwa." Nawajibu kwamba kukaa si ugonjwa. Wengine wanaogopa watadaiwa pesa mbele ya safari. Ulizeni kabla, mtajibiwa. Na wenye mamlaka pale kwetu ningewaomba jambo dogo: ubao mmoja wa Kiswahili kikubwa, penye mlango wa kuingilia, unaosema huduma hii ipo na inaombwaje, na safu ya viti kando ya foleni kwa aliyechoka. Wapokeaji wa VIP nao, wadogo zangu mliopo zamu usiku huu, mkiwa mnampitisha mgeni wenu na mkamwona bibi amesimama, mwambieni tu kinachofuata. Ni maneno matano au sita. Mgeni wenu hatakasirika. Mimi nilijizuia kwa miaka minane nikidhani atakasirika.

Tiketi ya kurudi ya mama tuliibadilisha. Rafiki yangu aliandika WCHS, akaandika na MAAS, akapiga simu mwenyewe kuhakikisha imeonekana kote kuwili. Nikampigia mama kumweleza. Akauliza kama kiti hicho kitamfanya wamcheke. Nikamwambia mfalme huwa amekaa, wenziwe ndio wamesimama. Akakubali.

Siku ya kurudi nilisimama nje, pale pale nilipokuwa nikiwaona ndugu za watu wamesimama, safari hii nikiwa miongoni mwao. Karibu yangu alikuwa kijana mmoja na kibao, anarudiarudia jina la mgeni wake kimoyomoyo, midomo inacheza. Ndege ilikuwa imeshatua, na dakika hazisogei.

Wakamtoa wa nne au wa tano. Amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, kanga mpya ya harusi mabegani, pasipoti mkononi waziwazi, fundo hakuna. Anayemsukuma ni msichana mdogo wa sare, anamwinamia na kumsemesha, na mama anacheka. Nilipofika nilimsikia msichana anamalizia: "...na sasa bibi, hapa ndiyo mwisho, wa kwako ni huyu?"

"Ndiye huyu," mama akasema. "Kitinda mimba wangu."

Nikambusu mkono. Msichana akaanza kugeuza kiti ili arudi, mama akamzuia. Akafungua begi lake la mkononi, akapekua chini ya nguo, akatoa kopo la halwa ya Maskati, lile kubwa, limefungwa karatasi ya dhahabu na utepe. Nililijua kopo lile. Mama mdogo alikuwa ameshanipigia simu juzi yake kunambia ameniwekea langu, la zafarani na lozi.

"Chukua, mwanangu," mama akamwambia msichana. "Ukale na mama yako."